Kozi ya Video Kuhusu Mwani na Fizikia ya Kwanta: Ufundishaji Bora, Hitimisho Lililopitwa na Wakati

Kozi hii ya mtandaoni inaeleza namna kriptofiti, mwani wa seli moja unaoweza kuishi kwenye mwanga hafifu majini, unavyonasa nishati ya jua na kuifikisha pale usanisinuru unapoanzia. Sauti inasikika vizuri na michoro ni safi.

Masomo yaliyonivutia zaidi ni yale yanayohusu jaribio la mwaka 2010 la Elisabetta Collini, Gregory Scholes na wenzao. Mwalimu haruki hatua: anaanza na protini inayonasa mwanga, yenye molekuli nane za rangi, kisha anaonyesha jinsi mipigo mifupi mno ya leza inavyoziamsha molekuli hizo, na jinsi ishara inayopimwa inavyopanda na kushuka kwa zaidi ya femtosekunde 400. (Femtosekunde ni sehemu ya milioni ya sehemu ya bilioni ya sekunde, na zoezi la hesabu linaloambatana na maelezo hayo lingestahili kuingizwa katika vitabu vya kiada.) Anasisitiza pia, kwa haki kabisa, kwamba vipimo hivyo vilichukuliwa katika jotoridi la nyuzi 21 hivi za Selsiasi, ilhali jaribio mashuhuri la mwaka 2007 kuhusu bakteria wa kijani wa salfa lilifanyika kwenye baridi kali ya kelvini 77.

Kinachosikitisha ni kwamba maelezo yanakomea hapo. Somo la mwisho linachukulia kupanda na kushuka huko kwa ishara kuwa dalili ya fizikia ya kwanta, yaani kanuni zinazotawala vitu vidogo mno, na kumwachia mwanafunzi imani kwamba nishati hujaribu njia zote kwa wakati mmoja na kuchagua iliyo bora, kana kwamba jambo hilo limekwisha kuthibitishwa. Mwaka 2017, watafiti waliopima protini ya bakteria wa kijani wa salfa katika jotoridi la kawaida walikuta kwamba mwafaka wa mawimbi ya elektroni, yaani kwenda kwa mawimbi hayo kwa hatua moja, hufifia ndani ya femtosekunde 60 hivi. Mapitio ya mwaka 2020 katika jarida la Science Advances nayo yakaeleza kwamba kupanda na kushuka kwa ishara kulikodumu muda mrefu kulitokana zaidi na mitetemo ya molekuli zenyewe. Hilo haliiondoi fizikia ya kwanta katika usanisinuru, kwa kuwa molekuli zilizokaribiana bado hugawana nishati kwa namna isiyoelezeka bila fizikia hiyo. Linaondoa tu dai kubwa ambalo kozi imelishikilia.

Nililikosa zaidi somo kuhusu mwani wa jenasi Hemiselmis, kundi mojawapo la kriptofiti. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa, katika baadhi ya spishi zake, asidi amino moja tu iliyoongezeka huzigeuza nusu mbili za protini na kuzitenganisha molekuli mbili za katikati, hivyo uhusiano wa kikwanta baina yake ukadhoofika. Mwani huo unaendelea kuishi, na hapo ndipo swali la iwapo uhusiano huo una manufaa kwa kiumbe linapopata uzito.

Ninaipendekeza kozi hii kwa yeyote mwenye msingi wa fizikia ya sekondari, mradi asome mapitio ya mwaka 2020 kabla ya kufungua somo la mwisho.