Treni za modeli za nchi mbalimbali kwenye reli moja: ununue skeli ipi?

Ukitaka treni ya Japani ipishane na ya Marekani kwenye meza moja, angalia kwanza geji, yaani nafasi kati ya reli mbili. Geji zikilingana, tofauti ya skeli, yaani modeli imepunguzwa mara ngapi kuliko treni halisi, inabaki kuwa kazi ya macho, na macho hudanganyika kwa urahisi. Nimezipanga skeli, kila moja kwa herufi zake, kwa kuangalia ipi inachanganyika bila usumbufu.

1. N. Geji ni milimita 9 popote, ingawa skeli ni 1:160 Ulaya bara na Marekani, 1:148 Uingereza, na 1:150 Japani, isipokuwa treni za kasi za Shinkansen ambazo ni 1:160. Tofauti haifiki asilimia 9. Kwa kichwa cha treni kinachoenea kiganjani, huioni mpaka uviweke viwili ubavu kwa ubavu. Kiungo cha Rapido cha kuunganisha mabehewa, kilichoanzia kwa kampuni ya Arnold, utakikuta kwenye mabehewa mengi ya pande zote. Tahadhari ni moja: magurudumu ya zamani yana kingo ndefu ambazo hugonga vishikizo vya reli kwenye Code 55 (namba ya kimo cha reli) ya kampuni ya Atlas. Code 55 ya kampuni ya Peco huyapokea vizuri, kwa sababu reli yake kwa kweli ina kimo kikubwa zaidi, ila sehemu ya chini imezamishwa ndani ya mataruma.

2. HO pamoja na OO. Zote hutembea kwenye milimita 16.5. HO ni 1:87, OO ya Uingereza ni 1:76, kwa hiyo OO imezidi kwa asilimia 14 hivi. Kwa hesabu ni nyingi mno. Lakini treni halisi za Uingereza ni nyembamba na fupi kwa kimo kuliko za Ulaya bara, kwa ajili ya madaraja na mahandaki yao, basi modeli zake hukaribiana na za HO kwa umbo. Kinachofichua siri ni milango na abiria, hivyo usichanganye watu wa skeli mbili kwenye jukwaa moja.

Usumbufu wenyewe uko kwenye viungo. Tafuta behewa moja la kila msafara ulifunge kiungo tofauti kila upande, mengine uyaache yalivyo. Pia nunua reli za kona pana tangu mwanzo: mabehewa marefu ya abiria ya Marekani yanataka nusu kipenyo cha sentimita 60 hivi, wakati kona ndogo kabisa ya seti za Uingereza ni 37.

Na kampuni ya Märklin? Vichwa vyake vya HO vya reli tatu vina magurudumu yasiyokingwa umeme. Ukiviweka kwenye reli mbili, ni shoti. Kampuni hiyohiyo huuza modeli nyingi za namna hiyo kwa jina la Trix, na hizo ni za reli mbili.

3. G. Milimita 45, nzuri kwa bustani, lakini 1:22.5, 1:29 na 1:32 zote zinatumia reli hiyo. Kichwa kidogo cha reli ya milimani kinaweza kukizidi kimo kile cha reli kuu. Ziendeshe kwa zamu.

4. TT. Milimita 12 na 1:120, safi kabisa, ila chaguo bado ni chache hata baada ya kampuni ya Hornby ya Uingereza kuingia mwaka 2022. Ukinunua iliyokwisha kutumika kutoka Uingereza, uliza kwanza: ile ya zamani ni karibu 1:102.