Unataka kufuga goldifishi Dar? Anza na chombo, samaki baadaye

Ukiingia duka la samaki wa mapambo na mtoto anang'ang'ania goldifishi, muuzaji atakufungia wawili kwenye mfuko, ataongeza bakuli la kioo, mawe ya rangi na kopo la chakula, biashara imeisha. "Boss hawa hawana shida, we badilisha maji tu." Shida wanayo. Goldifishi wa kawaida, yule mwembamba, anaweza kufika sentimita 30 na akitunzwa anaishi miaka 10 hadi 20. Na ile ya kwamba "atakua kulingana na chombo" ni maneno ya kuuzia, anadumaa kwa sababu anaogelea kwenye uchafu wake.

Sasa vyombo, kuanzia kile ningekushauri ununue leo.

Namba moja ni beseni kubwa la plastiki, au simtanki kuukuu iliyokatwa, lita 150 kwenda juu, unaweka barazani kwenye kivuli. Najua halina mvuto wa kupiga picha. Lakini kwa hela hiyo hiyo unapata maji mengi kuliko chombo kingine chochote, na uso wake mpana unaingiza hewa vizuri, kitu ambacho Dar unakihitaji sana maana maji yakipata joto oksijeni inapungua halafu umeme ukikatika usiku pampu nayo imezima. Funika na wavu, kunguru wa mji huu hawana aibu. Mbu wakitaga humo goldifishi anakula viluwiluwi vyao, hiyo ni bonasi. Pipa lililowahi kubeba kemikali usichukue hata ukipewa bure.

Namba mbili, akwariamu ya kioo ya kutengenezesha kwa fundi. Mwambie urefu sentimita 80, upana 35, kimo 40, hiyo ni kama lita 110, inatosha goldifishi wawili wale wanene wenye mkia wa feni. Wawili, sio watano. Muulize fundi silikoni yake kabla hajaanza, ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu inaua samaki. Na lita moja ya maji ni kilo moja, piga hesabu uone kama hiyo stendi ya tivii itahimili.

Namba tatu ni seti ya dukani ya lita 20 au 30, ina taa, kafilta, na nyingine wanakuwekea na hita. Hita, Dar, mwezi wa pili! Goldifishi asili yake China na anapenda maji ya baridi, kwa hiyo hiyo hita ni hela umetupa. Seti yenyewe sio mbaya ila ni ya samaki wadogo, gapi wachache au beta mmoja.

Bakuli ni la mwisho. Weka maua.

Ukishapata chombo usikimbilie samaki. Kinyesi chao kinatoa amonia, ambayo ni sumu kwao, na bakteria wa kuibadilisha wanachukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye filta, ndo maana samaki wengi wa wanaoanza wanakufa mapema halafu dukani unaambiwa "ulimshika vibaya". Ukimwaga maji yote kila wiki na kuosha kila kitu kwa sabuni kama ulivyoelekezwa, unawaua hao bakteria unaanza upya. Toa robo tu, na sponji ya filta isuuze kwenye maji uliyotoa, sio bombani. Maji ya DAWASA yana klorini, yakinge kwenye ndoo wazi yalale siku nzima au tumia dawa ya kuondoa klorini. Ya kisima onja kwanza, visima vingi vya huku Pwani vina chumvi.

Chakula ni kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili, basi. Na muuzaji akikushawishi uwachanganye na mbuna wa Ziwa Nyasa kwa sababu rangi zinapendeza, kataa, wale wakorofi watawatafuna mikia.

Siku ya kuchagua samaki angalia tangi zima, sio yule unayemtaka tu. Kama kuna mmoja kafa humo, au wamebana mapezi na wanahema juu juu, rudi siku nyingine au nenda duka lingine.