Uzoefu wangu na moduli ya maiki ya MAX9814: pini ya A/R usiiache hewani

Hii moduli ninayo miezi kadhaa sasa na nimeona niandike, maana kuna watu wanaisifia na wengine wanaiponda bila hata kugusa zile pini mbili za pembeni, Gain na A/R, wakati mambo yote yako pale.

Nilikuwa nataka kumrekodi mama na mjomba wakisimulia habari za ukoo wao. Mjomba ana sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, mama anaongea taratibu mpaka umwinamie, so na amplifaya ya kawaida ilikuwa shida tupu, ukiiweka imtoshee mama basi mjomba anapasua, ukimshusha mjomba mama hasikiki. Ndo nikahamia kwenye hii moduli yenye AGC, yaani chipu inashusha gaini (kiasi cha kukuza sauti) yenyewe sauti ikizidi na kuirudisha kukitulia. Chipu ni ndogo mno, milimita 3 kwa 3 na pini 14, inakubali volti 2.7 hadi 5.5, na mpaka umeme wa kulisha maiki inautoa yenyewe.

Mwanzo niliunga waya tatu tu, VDD (umeme wa kuingia), graundi na Out (sauti inapotokea), zile mbili nikaziacha hewani, yaani bila kuunga popote, kama karatasi ya muuzaji ilivyosema. Mama na mjomba wakatoka karibu sawa, nilifurahi sana. Alafu katikati ya mazungumzo mjomba akatua kikombe mezani kwa nguvu, na mama ndo alikuwa anataja jina la bibi yake mzaa baba. Kuja kusikiliza baadae jina halipo. Nikafungua rekodi kwenye kompyuta nikalivuta wimbi likawa kubwa, naona mwiba mmoja mrefu wa kikombe, baada yake mstari mwembamba kama uzi unaonenepa pole pole kwa zaidi ya sekunde nne, na jina la bibi limo humo ndani. Iliniuma. Bahati nzuri mama yupo, nikamuomba alirudie.

Kurudi kwenye datashiti ndo nikaelewa. A/R ni uwiano wa muda wa kushusha gaini na muda wa kuirudisha: ukiiacha hewani ni 1:4000, ukiiunga VDD 1:2000, graundi 1:500. Na muda wa kushusha unatokana na kapasita iliyoko pini ya CT, unachukua farad zake unazidisha na 2400, kwa hiyo ya nanofarad 470 inakupa kama milisekunde 1.1. Sasa piga hesabu, hewani inarudi kwa sekunde nne na nusu hivi, VDD mbili na robo, graundi nusu sekunde na kidogo. Yaani kikombe kinalia mara moja tu, chipu inaweza kushusha hadi desibeli 20, ambayo ni mara 10 nzima, alafu mama ndo anayelipa hizo sekunde nne.

Nikaunga A/R graundi, tatizo la kikombe likaisha, likaanza la kelele ya feni ya chumbani. Kila mama akinyamaza avute pumzi feni inapanda, akianza kusema inazama, inapanda inazama, ukivaa hedifoni inachosha vibaya. Hapa ndo nikajifunza kitu ambacho ningependa mtu aniambie tangu siku ya kwanza: Gain siyo ya mjomba. Mjomba anazuiwa na kizingiti, kile cha pini ya TH, ambacho kwenye bodi yangu kimeshawekwa na rezista mbili, akikifikia tu chipu inamshusha. Gain inaamua ukimya utakuwa na kelele kiasi gani. Hewani ni desibeli 60, yaani mara 1000, graundi 50, VDD 40. Nikaiweka 40, feni ikarudi nyuma kabisa, mama naye akapungua kidogo ila hilo nikalimaliza kwa kusogeza maiki upande wake.

Mwisho nikatoa ile kapasita ya CT nikapiga solda ya maikrofarad 1, kazi ya mkono uliotulia maana ni kadogo kuliko punje ya mchele. A/R ikabaki graundi. Kushusha ikawa milisekunde 2.4, kurudi sekunde 1.2, na kwa sauti za watu wanaoongea hapo ndo penyewe, kikombe hakimezi neno na feni haipumui tena.

Out inakaa kwenye volti 1.25 na haizidi mchezo wa volti 2, so kwenye Arduino Uno unga AREF (pini ya volti ya rejea) kwenye 3.3 la sivyo unapoteza zaidi ya nusu ya ngazi za ADC, ile sehemu inayogeuza volti kuwa namba. Na kama unatafuta kifaa cha kupima ukubwa wa kelele chukua kingine, maana hii kazi yake ni kuficha hiyo tofauti, na TH ambayo ingekuwezesha kuzima AGC kwenye moduli yangu haijatolewa nje.

Naagiza nyingine, mama awe na yake na mjomba yake, bado hawajafika kwa babu.