Kozi ya sarafu, daraja la kati: nilivyoisoma kwa jero

Mlioniuliza kama ile kozi ya video ya mazingaombwe ya sarafu inafaa kununuliwa: inafaa, ila sehemu kubwa ya masomo yake yanadhani una sarafu kubwa mkononi, na mwalimu halisemi hilo popote. Mimi nililigundua baada ya mwezi mzima wa kuinama kuokota jero, yaani sarafu ya shilingi mia tano, chini ya kitanda.

Nililipa dola 30, karibu elfu themanini kwa bei ya siku ile. Nilikuwa najua mambo ya mwanzo tu: kuificha sarafu kwenye vidole vilivyokunjwa kidogo, kisha kuitoa nyuma ya sikio la mtoto. Hayo niliyapenda tangu shule ya msingi, enzi zile mtu wa mazingaombwe anakuja, mnachanga hela, halafu anawachomoa wenzenu sarafu puani na kuzidondosha koponi, kang', kang'. Baadaye nilikuja kujua kwamba mchezo huo wa kuvuna sarafu hewani ndio uliompa jina Mmarekani T. Nelson Downs, aliyekwenda kuuonyesha London mwaka 1899 akijiita mfalme wa sarafu. Yeye alizitupia kwenye kofia. Yule wetu alikuwa na kopo la maziwa ya unga.

Somo linalokula muda kuliko yote ni kubana kiganjani. Sarafu inakaa katikati ya kiganja, inashikwa na nyama mbili tu: ile ya shina la kidole gumba na ile ya upande wa kidole kidogo. Vidole vyote vinabaki huru, unashika kalamu, unajikuna pua. Mwalimu anatumia nusu dola ya Marekani, yenye upana wa milimita 30.6, uzito wa gramu 11.34, na ukingo wenye mistari inayoing'ata ngozi. Jero yetu, ile ya Mzee Karume na nyati, ina milimita 27.5 na gramu 9.5. Ukisoma karatasini utasema milimita tatu ni nini. Kiganjani ndizo zinazoamua kama itakaa au itadondoka. Ili kuibana hiyo ndogo inabidi ukivute kidole gumba ndani zaidi, na kikiingia ndani mkono mzima unakuwa gando la kaa. Anayekutazama hajui umeficha nini, lakini kwamba umeficha, anajua.

Binamu yangu aliyeko Marekani akaniletea nusu dola nne. Siku ileile ikakaa! Nikajiona fundi. Tatizo likaja nilipozipeleka kijiweni: ukitoa sarafu ngeni, hakuna anayeshangaa ikipotea, watu wanataka kuishika, wanauliza inauzwa bei gani, mmoja akasema hiyo lazima ina sumaku. Nikarudi kwenye jero, ambayo kila mtu anayo mfukoni na hakuna wa kuishuku. Kwa mkono wangu iliniitikia nilipoisogeza kidogo kuelekea shina la kidole cha pete. Wiki sita. Jasho la Dar nalo lina pande mbili: kiganja kikiwa na unyevu kidogo sarafu inashika vizuri, kikilowa inaganda kama stempu na haitoki unapoitaka.

Kama ningeambiwa nilipie somo moja tu, ningelipia la kuipoteza sarafu mbele ya macho. Unaishika kwa ncha za vidole vya kulia, unailaza kwenye kiganja cha kushoto, vidole vya kushoto vinaifunika, na vya kulia vinaondoka nayo muda uleule inapofunikwa. Jicho linabaki na mng'ao wake, kwa hiyo mtazamaji anaweza kukuapia kwamba aliiona ikiingia. Hapa mwalimu ni hodari kwelikweli. Anakurudisha nyuma: kwanza iweke kweli, mara ishirini, jirekodi, uone mikono yako inavyofanya isipodanganya. Ndipo uifanye ya uongo ifanane na hiyo. Anasema pia tumia simu, achana na kioo, kwa sababu mbele ya kioo unapepesa macho sekunde ileile ya ujanja na unajidanganya mwenyewe. Nikabisha, nikajirekodi. Nilikuwa napepesa kama taa ya gesti.

Nikampelekea mpwa wangu wa miaka saba. Nikafanya, nikaukazia macho mkono wa kushoto kama nilivyofundishwa. Akatazama kidogo, akasema, "Mjomba, mbona huo mwingine umekufa?" Mkono wa kulia, wenye sarafu, ulikuwa unaning'inia kama wa mgonjwa. Kozi nzima haikuniambia mkono wa hatia ufanye nini ukishamaliza kazi. Siku hizi naupa kazi, unavuta kiti au unachukua kikombe.

Lawama nyingine: kamera iko mbele ya mwalimu muda wote. Mwanafunzi anataka kuona mkono kutoka upande wake mwenyewe, kwa hiyo nilikuwa naigeuza kichwani kila hatua, na kila kurudia ni bando. Somo la kurusha sarafu juu kwa msuli wa kidole gumba nililiacha. Linauma, na dakika nne alizolitengea hazitoshi.

Lingine zuri ni lile la kupitisha: una jero mbili, mtu anaijua moja. Unajifanya unaitupia ya kushoto mkono wa kulia, kumbe ya kushoto inabaki na ya kulia inajitokeza. Nikalijaribu ndani ya daladala ya Mbezi, nauli mia sita, konda kasimama juu yangu akigonganisha sarafu zake. Nimesahau kwamba huyu mtu anashinda na sarafu mkononi tangu saa kumi na moja alfajiri. Nikapitisha. Vidole vilikwenda sawasawa, ila jero iliyobaki ikagusa pete yangu, ting, kasauti kadogo ambako hata abiria wa pembeni hakukasikia. Konda hata usoni hakuniangalia.

"Na hiyo nyingine iliyolia, kaka? Leta zote."

Nikampa zote mbili. Chenji yangu ya mia nne niliipata Ubungo, baada ya kuidai mara tatu.