Vifaa vya mashua ugenini: ununue hapo hapo au uagize nyumbani? Tazama hesi kwanza

Malalamiko ninayopokea kutoka kwa wasomaji wanaosafiri na mashua zao mbali na kwao yanafanana mno. Koki ya chini ya maji imekufa wakiwa ugenini. Wamekwenda dukani bandarini na ile ya zamani mkononi, wameuziwa mpya ya "inchi 3/4", imeingia bila taabu, wameikaza, mashua imerudishwa majini, na usiku ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua, inaanza kujaa maji. Muuzaji anawaambia hawakukaza vya kutosha. Si kweli, na inaniudhi kwamba mwenye mashua ndiye anayebebeshwa lawama.

Bei na muda wa kusubiri kila mtu anaweza kujihesabia. Mimi nitang'ang'ania hesi, yale meno yanayoshikanisha koki na bomba lililopenya tumbo la mashua.

Kuna mifumo miwili mikuu ya hesi za mabomba. Marekani na Kanada hutumia NPT. Ulaya, Australia, New Zealand na sehemu kubwa ya Asia hutumia BSP. Meno ya NPT yana pembe ya nyuzi 60, ya BSP nyuzi 55. Kwenye saizi ya inchi 1, BSP ina meno 11 kwa kila inchi na NPT ina 11.5, kwa hiyo ukizilazimisha zinagoma mapema, na ni rahisi zaidi kugundua kuwa umeuziwa siyo. Hatari zaidi iko kwenye 1/2 na 3/4, maana hapo mifumo yote miwili ina meno 14 kwa inchi. Zinaingiana mizunguko kadhaa, kisha zinabana, na mkono unaamini kazi imekwisha. Kumbe meno yanagusana sehemu chache tu, na tepu nyeupe ya mafundi bomba inaziba upenyo huo kwa muda. Kwa bomba la jikoni nchi kavu ungepata sakafu yenye maji. Kwa koki iliyo chini ya usawa wa maji unaweza kupoteza chombo.

Rula haitakusaidia, kwa sababu bomba linaloitwa la inchi 1/2 lina upana wa nje wa karibu milimita 21 katika mifumo yote miwili. Tazama vilele vya meno: vya BSP vimeviringika, vya NPT vimekatwa bapa. Afadhali zaidi, nunua geji ya hesi. Ni kijitu kidogo cha kupimia meno, na kwa maoni yangu hakuna mashua inayopaswa kuvuka bahari bila kuwa nayo.

Tena, "nyumbani" hapa ni nyumbani kwa mashua, mahali ilipojengwa. Bendera inayopeperusha au mji unaoishi wewe havihusiki. Mwenye mashua iliyojengwa Marekani anayeishi Ulaya akiagiza vipuri kwao ataletewa hesi isiyo yake, na atakuwa amelipia usafiri juu yake. Na kama mashua imepita mikononi mwa wenye kadhaa, pima kila koki peke yake.

Sasa njia zenyewe, kuanzia ninayoipenda zaidi.

1. Kubebewa na mgeni anayekuja. Kwa koki, pampu, vichujio na vipuri vya injini, hakuna njia inayoishinda. Unaagiza kwa muuzaji unayemjua, kwa namba kamili ya kipuri, na mgeni anakuja navyo sandukuni. Mpe ankara, nakala ya usajili wa mashua na barua ya nahodha inayosema ni vipuri vya chombo kilicho safarini, kisha avitangaze forodhani. Asibebe fataki za dharura wala kopo la rangi. Hivyo haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege.

2. Kununua hapo hapo. Rangi ya chini ya mashua, oili, fataki, chelezo cha uokoaji na betri kubwa nunua huko huko uliko. Betri za lithiamu za kuchajiwa zinazosafirishwa peke yake zimepigwa marufuku kama mizigo ndani ya ndege za abiria tangu tarehe 1 Aprili 2016, kwa hiyo kuziagiza ni kujitafutia usumbufu. Mnyororo wa nanga nao ni mzito mno kuagiza, ila usikubali kuuziwa kwa unene tu. Mnyororo wa milimita 10 wa kiwango cha DIN 766 una pingili zenye nafasi ya ndani ya milimita 28, wa ISO ni 30, na huenda gurudumu la winchi yako ya nanga linakubali mmoja tu. Kifaa kimoja usinunue ugenini bila kuuliza: EPIRB, kile kinachotuma ishara ya dharura kwa setilaiti, kwa sababu huwekewa namba yenye msimbo wa nchi ya bendera yako. Hakikisha muuzaji anaweza kuiweka, kisha uisajili.

Kwa koki, mimi ni mtu wa TruDesign na sifichi. Ni za New Zealand, zimetengenezwa kwa nailoni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, hazili kutu, na zinatoka kwa BSP na kwa NPT pia. Madukani unaweza kupewa shaba njano ukidhani ni bronzi, nayo maji ya chumvi hunyonya zinki yake mpaka koki inavunjika mkononi. Kwa plastiki ile hofu hiyo haipo.

3. Kutumiwa kwa ndege. Hapa ndipo pesa inapoteketea. Kampuni nyingi hazitozi kwa uzito wa mizani ukiwa mdogo kuliko ujazo: huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, zikagawanya kwa 5000. Boksi la turubai la 100 kwa 50 kwa 40 linalipiwa kilo 40 hata kama linabebeka kwa mkono mmoja. Kisha kuna wakala wa forodha. Nchi nyingi husamehe ushuru wa vipuri vya chombo cha kigeni kilicho safarini, lakini lazima jina la mashua na maneno "chombo kilicho safarini" yaandikwe kwenye boksi na kwenye ankara. Wakala asipoambiwa mapema, analipa ushuru, anaongeza ada yake, na kurudishiwa ni kazi ya miezi.

4. Vya bei poa na vilivyotumika. Shakeli za sitaha na kamba za kufungia, sawa. Koki, hapana.

Kinachonichosha zaidi ni wauzaji wa mtandaoni wanaoandika "koki, bronzi, 3/4" na kuishia hapo. Herufi tatu tu zinakosekana, BSP au NPT, nao wanazijua, kwa sababu kiwandani boksi lilikuja nazo. Mnunuzi akirudisha, nauli ni yake. Waandikieni kabla ya kulipa, mtake jibu la maandishi lenye herufi hizo. Akijibu "inaingia kote", mnyime pesa yenu.