Akaunti ya Microsoft au akaunti ya ndani ya kompyuta?
Anayenunua kompyuta mpakato yenye Windows 11 pale Mwanjelwa, Mbeya, anaweza kubaki na akaunti ya Microsoft au kuhamia akaunti ya ndani, yaani inayokaa kwenye kompyuta hiyo tu. Kwa gharama, ya ndani inashinda, kwa kuwa haimalizi bando kwa kupeleka mafaili OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Usalama ni jambo zito zaidi: akaunti ya Microsoft huweza kutunza ufunguo wa diski iliyofungwa kwa siri, ambao kompyuta ikiuuliza na ukakosekana, kazi zote zilizomo hupotea. Mwanafunzi anayesafiri nayo kwa basi hadi Iringa ningemshauri abaki na ya Microsoft. Mwenye steshenari Uyole, ambaye mashine yake haitoki mezani, ya ndani inamtosha. Hata hivyo, kuhama akaunti pekee hakuzimi kitambulisho cha matangazo (namba ambayo programu huitumia kukuonyesha matangazo yanayokulenga) wala taarifa za mahali ulipo. Vyote viwili huzimwa kimoja kimoja kwenye mipangilio ya faragha.