Uzoefu wangu na seti ya mavazi ya "mpiganaji wa Maquis" niliyoinunua mtandaoni

Ninaishi Grenoble, kusini mashariki mwa Ufaransa, chini ya milima ya Vercors, na mwaka jana nilikaribishwa katika kundi dogo la watu wanaoigiza maisha ya Maquis, yaani vijana waliokimbilia misituni na milimani kuwapinga Wajerumani walioikalia Ufaransa, mwaka 1943 na 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa haraka ya kutaka kuonekana tayari, niliagiza mtandaoni seti iliyotangazwa kuwa kamili na sahihi: koti, suruali, bereti, utepe wa mkononi, mkoba na chupa ya maji, kwa euro 189. Muuzaji simtaji jina, kwa kuwa seti za namna hii huuzwa na wengi na kasoro zake hufanana.

Mzigo ulifika baada ya siku tisa, ukiwa umefungwa vizuri, na hapo ndipo sifa zangu kwa huduma ile zinapokoma. Nililelewa Dar es Salaam na mama aliyeuza mitumba Karume, hivyo kitambaa hukitambua kwa vidole kabla ya kukitazama. Koti lililoitwa la sufu lilikuwa jepesi mno na liliteleza mkononi. Nilichomoa uzi kwenye pindo na kuuchoma kwa kiberiti. Sufu ingenuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika, lakini uzi ule uliyeyuka ukawa kidonge kigumu cheusi. Ilikuwa polyester tupu. Kosa hili si la macho tu, kwa sababu sisi hulala nje na kuota moto wa kuni, na cheche moja ikitua juu ya kitambaa cha namna hiyo huyeyusha tundu na kuichoma ngozi iliyo chini yake.

Suruali ilinisikitisha zaidi. Ilikuwa na zipu, na kiuno chake kilikaa chini ya kitovu kama suruali za leo, ilhali suruali ya mwanamume wa kawaida wa wakati ule ilipanda hadi juu ya kitovu, ilifungwa kwa vifungo mbele, ilikuwa na kikaza kidogo nyuma ya kiuno, na ilishikiliwa na kanda za mabegani. Koti fupi likivaliwa juu ya suruali ya kiuno cha chini, shati huchungulia katikati, na mtu huyo hata akiwa na bunduki halisi mkononi bado ataonekana ametoka dukani asubuhi ile.

Nilichojifunza, na ambacho muuzaji hakukielewa au hakujali, ni kwamba Maquis hawakuwa na sare, kwa hiyo kuwaigiza ni kuigiza raia maskini kabla ya kuigiza askari. Sheria ya tarehe 16 Februari 1943 iliwalazimisha vijana, hasa waliozaliwa kati ya 1920 na 1922, kwenda Ujerumani kufanya kazi, na wengi waliokataa walipanda milimani wakiwa wamevaa kile walichokuwa nacho mwilini: koti la buluu la kiwandani, suruali ya kodrai, sweta lililofumwa na mama. Nguo zilikuwa zikiuzwa kwa kadi ya pointi tangu 1941 na ngozi ya viatu ilikuwa adimu, kiasi kwamba viatu vingi vilitengenezwa kwa soli za mbao. Nguo iliyochakaa ilitiwa kiraka, na kiraka kikichakaa kiliwekewa kingine. Seti yangu ilikuwa mpya, ya rangi moja kuanzia begani hadi kifundoni, bila hata mshono mmoja wa kurekebishia.

Kuhusu makoti ya ngozi, ambayo watu wengi huyapenda kwa sababu ya picha maarufu za gwaride la Maquis katika mji wa Oyonnax, mkoa wa Ain, la tarehe 11 Novemba 1943, ni vema kujua kwamba yale mavazi yanayofanana yalipatikana kwa kuvamia bohari la nguo la kambi za vijana za serikali ya Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, huko Artemare, miezi miwili kabla. Gwaride lile lilipangwa makusudi ili wananchi waone jeshi lenye nidhamu badala ya kundi la majambazi, kama redio ya Vichy ilivyowaita. Aliyevaa vile anaigiza siku moja mahsusi ya Maquis wa Ain, si maisha ya kila siku ya kuchanja kuni na kubeba viazi.

Utepe wa mkononi uliokuja na seti ulikuwa wa satini inayong'aa, wenye Msalaba wa Lorraine, nembo ya Ufaransa Huru, na herufi FFI zilizodariziwa kwa mashine bila dosari. FFI, yaani jeshi la pamoja la makundi ya wapiganaji wa ndani ya Ufaransa, iliundwa Februari 1944, kwa hiyo anayeigiza majira ya baridi ya 1943 hastahili kuuvaa kabisa. Hata kwa mwaka 1944, tepe nyingi zilishonwa na wanawake wa vijijini kwa mabaki ya mashuka, na zilikuwa na kazi nzito: sheria za vita zilitaka mpiganaji awe na alama inayoonekana kwa mbali, ingawa Wajerumani waliendelea kuwapiga risasi waliowakamata. Nilimwomba jirani yangu fundi cherehani anishonee mwingine, akaushona kwa shuka kuukuu, na msalaba ukapinda kidogo. Sijauona mwingine ninaoupenda kuliko huo.

Chupa ya maji ilikuwa ya muundo wa Kimarekani, inayomfaa askari aliyeshuka Normandy. Ya jeshi la Ufaransa ilikuwa na midomo miwili na kufunikwa kwa kitambaa, na nimepata moja kwenye gulio la vitu vya zamani kwa euro 25. Mkoba na bereti vilikuwa vizuri na ninavitumia hadi leo.

Watazamaji huniuliza, mara nyingine kwa adabu na mara nyingine bila adabu, kama Mwafrika ana nafasi katika maigizo haya. Huwaeleza habari za Addi Bâ, mzaliwa wa Guinea, askari wa jeshi la Ufaransa aliyetoroka baada ya kutekwa na Wajerumani mwaka 1940, akashiriki kuanzisha Maquis katika milima ya Vosges, akapigwa risasi Épinal tarehe 18 Desemba 1943. Hapa Vercors penyewe, Juni 1944, askari wa Kiafrika zaidi ya 50 waliletwa kutoka kambi ya La Doua, kando ya mji wa Lyon, na kupigana pamoja na wenyeji. Ndiyo sababu mkanda na mkoba ninaovaa ni vya jeshi la Ufaransa la 1940, huku nguo zikiwa za raia.

Kwa anayetaka kuanza, ningemshauri anunue koti la buluu la wafanyakazi lililotumika, hata likiwa la miaka ya 1950, kwani mkato wake haukubadilika sana, kisha ampe fundi suruali ya sufu aishone upya kiunoni. Sarafu za alumini za Vichy zenye maneno "Kazi, Familia, Nchi" hupatikana kwa bei ya kikombe cha kahawa, na zikitoka mfukoni humshangaza mtazamaji kuliko silaha. Bunduki ya kuigiza ya Sten, ile bunduki fupi ya Waingereza, iwe ya mwisho kabisa. Ni ghali, ina masharti ya kisheria ya kuulizia mapema, na kundi zima linahitaji moja au mbili tu, kwa kuwa silaha zilizodondoshwa kwa miavuli kutoka ndegeni hazikuwahi kuwatosha Maquis.

Seti yenyewe naipa nyota mbili kati ya tano, moja ya bereti na nyingine ya mkoba. Kilichobaki ni viatu vya ngozi vyenye misumari ya soli, namba 44, ambavyo nimevitafuta magulio sita bila mafanikio, kwa sababu kila jozi ya kweli ninayoikuta huishia namba 41.